Tone la Kugeuza Rangi

Dobi anayefua kwa maji ya kisima kisiwani Unguja huujua ugumu wa maji kabla hajatajiwa kalsiamu. Anasugua mche wa sabuni kwenye kola ya kanzu, anasugua tena, na badala ya povu unaibuka utando wa kijivu unaong'ang'ania kitambaa na kuacha alama kwenye ukingo wa beseni. Akipata maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, sabuni ileile inatoa povu papo hapo. Sababu iko chini ya miguu yake. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni kalsiamu kabonati. Mvua ikipenya udongoni huchukua kabonidayoksaidi inayotoka kwenye mizizi na majani yanayooza, inageuka asidi hafifu, na asidi hiyo inayeyusha jiwe kidogo kidogo. Mapango ya matumbawe kama lile la Mangapwani, lenye dimbwi la maji ya kunywa ndani yake, yamechongwa namna hiyo. Maji yalilibeba jiwe lote lililokuwa limejaa humo, yakaondoka nalo, na ukiyatazama kwenye bilauri huoni kitu.

Kulipima jiwe hilo lisiloonekana ni ufundi, na ninaupenda kuliko mitambo mingi mikubwa ya maji inayokatiwa utepe. Unafanyika kwenye chumba kidogo cha maabara, mara nyingi nyuma ya ofisi za mamlaka ya maji, mbele ya kigae cheupe na bomba jembamba la kioo.

Lakini kwanza tuiheshimu sabuni, maana ndiyo iliyokuwa kipimo cha mwanzo. Molekuli ya sabuni ni mkia mrefu wa mafuta uliofungamana na sodiamu. Ikikutana na kalsiamu inaiacha sodiamu, na mikia miwili inajifunga kwenye ayoni moja ya kalsiamu. Kinachotokea hakiyeyuki, ndio ule utando wa kijivu. Povu haliji mpaka kalsiamu yote ipate sehemu yake. Magnesiamu nayo hudai yake. Wanakemia huzijumlisha zote mbili na kuzieleza kana kwamba ni kalsiamu kabonati tupu, kwa miligramu katika kila lita, na hesabu inayofuata inauma: kila miligramu moja ya ugumu hula karibu miligramu sita za sabuni. Chukua ndoo ya lita 20 yenye maji ya ugumu wa 300. Ndani yake mna gramu 6 za ugumu, na gramu 36 hivi za sabuni zitateketea kabla doa hata moja halijaguswa. Mwenye kufua nguo za nyumba nzima ananunua sehemu nzuri ya mche kwa ajili ya kuyalisha maji tu.

Thomas Clark, profesa wa kemia katika Marischal College, Aberdeen, aliugeuza upotevu huo ukawa mizani. Ikiwa maji hula sabuni kwa kadiri ya ugumu wake, basi ipime sabuni iliyoliwa. Alitengeneza myeyusho wa sabuni wenye nguvu inayojulikana, akawa anautia kidogo kidogo kwenye chupa yenye maji, anaifunga, anaitikisa kwa nguvu, anailaza na kungoja. Povu likizama, anaongeza sabuni kidogo, anatikisa tena. Povu likikaa juu ya maji kwa dakika tano bila kuvunjika, amefika. Ni kazi ya dobi, ila imetiwa saa na kipimo. Digrii ya Clark, iliyotumika Uingereza kwa muda mrefu, ni sawa na miligramu 14 na ushei za kalsiamu kabonati kwa lita.

Mwaka 1841 Clark huyohuyo alipata hataza ya kuyalainisha maji kwa kuyatia chokaa. Mtu akisikia mara ya kwanza hudhani ni mzaha: maji yamejaa jiwe la chokaa, nawe unayaongezea chokaa? Siri ni kwamba jiwe linabaki limeyeyuka kwa sababu ya asidi ile ya kabonidayoksaidi. Chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji inaimaliza asidi hiyo, na asidi ikishaondoka, jiwe lililokuwa limeyeyuka na chokaa iliyotiwa vyote huganda na kutuama chini, vikiwa unga mweupe. Kazi nzima iko kwenye kipimo. Chokaa ikipungua, ugumu unabaki. Ikizidi, chokaa yenyewe inakuwa ugumu mpya. Kwa hiyo mwenye kulainisha hawezi kufanya lolote bila mwenye kupima, na sidhani ni bahati tu kwamba mtu mmoja ndiye aliyebuni vyote viwili.

Kipimo cha sabuni kilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo inaitwa magnesiamu. Sabuni huikamata kalsiamu haraka, lakini kwa magnesiamu hufanya ajizi. Mpimaji anatikisa, povu linasimama, anaandika namba yake. Kumbe magnesiamu ilikuwa bado inajikusanya. Akitikisa tena baada ya muda, povu linavunjika. Maji ya Ziwa Tanganyika yangemtesa vibaya mpimaji wa namna hiyo. Ugumu wake ni karibu 200, na sehemu kubwa ni magnesiamu, inayoletwa hasa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu na milima yake ya volkeno. Kalsiamu ya ziwani hujigandisha kwenye miamba ya ufukweni, ikaacha magnesiamu ikitawala. Ziwa Victoria ni kinyume chake kabisa: maji yake yana makumi machache tu ya miligramu, na mama anayefua Mwanza hana habari na shida ya wenzake wa Kigoma na Bujumbura.

Dawa ya kasoro hiyo ilitoka kwenye viwanda vya nguo. Katika miaka ya 1930 Ferdinand Münz, mwanakemia aliyefanya kazi Ujerumani, alikuwa anatafuta kitu cha kuizuia kalsiamu ya maji isiharibu rangi za vitambaa, kitu cha kushika nafasi ya asidi ya limau ambayo Ujerumani iliagiza kutoka nje. Alichopata mwaka 1935 ndicho kinachojulikana leo kwa herufi nne, EDTA. Molekuli yake moja huizunguka ayoni moja ya kalsiamu na kuishika kwa sehemu sita kwa mpigo. Haibagui sana: magnesiamu, chuma, shaba, zote huzikamata, ila kila moja kwa nguvu yake. Aliyeona kwamba mshiko huo unaweza kuwa kipimo ni Gerold Schwarzenbach wa Chuo Kikuu cha Zürich, katika miaka ya 1940. Molekuli moja kwa ayoni moja, daima. Hakuna nusu wala robo. Ukijua idadi ya EDTA uliyomimina, unajua idadi ya ayoni ulizozikuta.

Ilibaki kujua wakati wa kuacha kumimina, na mwaka 1948 Schwarzenbach na wenzake wakaleta rangi iitwayo Eriochrome Black T, ambayo nayo ilikuwa rangi ya viwandani ya kutia sufu. Hapa ndipo ufundi wa mkono na jicho unapoanza.

Tumsogelee mpimaji. Amepima mililita 50 za maji kwa pipeti, akazitia kwenye chupa ya koniko. Anaongeza bafa, yaani mchanganyiko wa amonia unaoishikilia pH isiyumbe kwenye 10, na chumba kizima kinanuka mara moja. Sasa anachukua rangi kwa ncha ya kijiko. Wazoefu wengi huisaga pamoja na chumvi ya mezani ikawa unga, kwa sababu rangi hiyo ikiyeyushwa na kukaa huchakaa, na rangi iliyochakaa husema uongo. Maji yanageuka mekundu, wekundu ule wa juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Juu ya chupa, kwenye kishikizo chake, imesimama bureti iliyojaa EDTA, bomba lenye mistari ya sehemu ya kumi ya mililita. Mkono wa kushoto umeizunguka koki kutoka nyuma, vidole vikiivuta kuelekea bombani isilegee. Wa kulia unaizungusha chupa bila kusita, maji yakizunguka lakini yasiruke.

Mwanzoni EDTA inashuka kwa kasi. Hakuna kinachoonekana, na asiyejua atadhani hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni mpangilio mzuri sana. EDTA inaipenda kalsiamu kuliko magnesiamu. Rangi nayo inaipenda magnesiamu kuliko kalsiamu. Kwa hiyo wekundu unaouona ni wa magnesiamu iliyokumbatiwa na rangi. EDTA inaingia, inakusanya kalsiamu yote iliyo huru, halafu magnesiamu iliyo huru, na mwisho kabisa, ikiwa haina pengine pa kwenda, inainyang'anya rangi ile magnesiamu yake. Rangi ikibaki peke yake katika pH hiyo huwa ya buluu. Shahidi anasema neno lake pale tu kila mwingine alipokwisha kuhesabiwa.

Utaratibu huo una hila yake. Maji yasiyo na magnesiamu hata chembe hayageuki vizuri. Rangi inaishika kalsiamu kwa ulegevu na inaiachia mapema, basi wekundu unafifia bila mpaka wa kueleweka. Ndiyo maana wanaotengeneza bafa hutia humo kiasi kidogo cha magnesiamu iliyokwisha kushikwa na EDTA, sawa kwa sawa, isiyoongeza wala kupunguza hesabu. Wazo hilo hunifurahisha kila nikilifikiria: shahidi hayupo, basi unamleta wako, lakini unahakikisha hagusi mizani.

Mpimaji mzoefu anajua tone la mwisho linakaribia kabla halijafika. Kila tone likigusa maji, buluu inatokea kwa nukta moja kisha inamezwa. Ikianza kukawia kumezwa, kasi inakatwa. Matone ya mwisho yanaachiwa moja moja, kukiwa na sekunde tatu hadi tano katikati, kwa sababu rangi inahitaji muda kidogo kuachia. Wakati huohuo hawezi kukaa hapo siku nzima. Kwenye pH 10 kalsiamu hupenda kuganda tena kuwa jiwe, na iliyoganda haihesabiki, kwa hiyo kazi yote tangu bafa hadi buluu isizidi dakika tano. Haraka mwanzoni, taratibu mwishoni, na saa inakimbia. Wekundu unakuwa zambarau, zambarau inabaki na chembe ya wekundu ndani yake. Ni chembe hiyo inayotafutwa, ile ambayo mgeni haioni na mzoefu haachi kuiona. Ikitoweka, koki inafungwa.

Tone moja la bureti ni karibu sehemu ya ishirini ya mililita. Kwa mililita 50 za maji na EDTA ya nguvu ya kawaida, kila mililita moja inasimama badala ya ugumu wa 20, basi tone moja ni miligramu moja kwa lita. Jicho la mtu, mkono wa mtu, na tofauti ya chembe ya chokaa ambayo huwezi kuishika kwa vidole. Na bado kuna wanaogawanya tone. Wanaifungua koki kiasi cha kulifanya lining'inie, wanaligusisha kwenye ukuta wa chupa kabla halijakomaa, kisha wanalisukumia ndani kwa maji yaliyokenekwa. Nusu tone. Hakuna sheria inayodai hivyo kwa maji ya bomba ya kawaida. Ni heshima ya kazi tu.

Mengine hayaonekani katika dakika hizo tano, nayo ndiyo yanayomtenganisha fundi na mtu aliyesoma karatasi ya maelekezo. EDTA haihifadhiwi kwenye chupa ya kioo cha kawaida, kwa kuwa itaanza kuvuta kalsiamu kutoka kwenye kioo chenyewe na kuja mezani ikiwa tayari imeshiba. Chupa ya plastiki ndiyo salama. Nguvu yake inakaguliwa dhidi ya gramu moja ya kalsiamu kabonati safi iliyoyeyushwa kwa asidi, ikachemshwa kuitoa kabonidayoksaidi, ikajazwa hadi lita moja kamili. Taa ya kizamani ya utambi hutia wekundu kwenye buluu ya mwisho na kumfanya mpimaji azidishe. Mwanga wa dirishani ni bora. Na kama buluu inagoma kuja kabisa, mpimaji hamimini tu kwa hasira. Anashuku shaba au chuma kutoka kwenye mabomba, ambavyo hung'ang'ania rangi na kukataa kuiachia, na anajua dawa ya kuvinyamazisha kabla ya kuanza upya.

Shuleni tulifundishwa nusu tu ya haya. Mwanafunzi wa kidato cha nne hushika bureti siku ya mtihani wa vitendo, anachungulia rangi ya jirani, na darasa zima linatoka na jibu moja linalofanana mpaka kwenye desimali. MO na POP, zile rangi za kuonyesha mwisho wa asidi na besi, zinabaki kuwa majina ya kukariri. Katika maabara ya maji hakuna jibu la jirani. Chupa imetoka kwenye kisima kipya, imejazwa hadi mdomoni isibaki na hewa, na hakuna mtu duniani anayejua namba yake kabla ya huyu aliyeshika koki.

Akitaka kutenganisha kalsiamu na magnesiamu, anachukua mililita nyingine 50 na kuzitia soda kali mpaka pH ipande juu ya 12. Magnesiamu inaganda na kujitoa mchezoni. Anapima kilichobaki kwa rangi nyingine, mureksidi kwa mfano, anatoa namba moja kutoka kwenye nyingine, na magnesiamu inajitaja kwa kutokuwepo. Akitaka kujua ni ugumu kiasi gani utaondoka kwa kuchemsha, anayachemsha maji, anayachuja na kupima tena. Ule ulioondoka ndio unaoota ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Uliobaki umeshikamana na salfeti na kloraidi, na moto haufui dafu mbele yake.

Kwa ugumu huo mkaidi, jikoni kwetu kuna dawa ya zamani. Magadi hutia kabonati ndani ya maji, kalsiamu inaganda nayo, na maharage yanaiva. Kalsiamu ndiyo iliyokuwa ikikaza gundi inayounganisha chembe za punje, hata makande yakakaa jikoni toka asubuhi bila kulainika. Bibi aliyetupa kijipande cha magadi kwenye chungu alikuwa analainisha maji, na maharage yakafuata.

Ipo mashine inayoweza kusoma kalsiamu na magnesiamu kwa sekunde chache, na pale ilipo, ina thamani yake. Inataka gesi, umeme usiokatika, vipuri na fundi wa kuitengeneza. Bureti inataka mtu. Ndiyo sababu katika wilaya nyingi bado imesimama juu ya meza.

Na mtu huyo hufanya jambo la ziada ambalo tone peke yake halifanyi: anaisoma namba. Chukua kisima cha miteremko ya Mlima Meru. Mpimaji anatia bafa, anatia rangi, na baada ya matone machache tu maji ni ya buluu. Ugumu karibu hakuna. Dobi angeshangilia. Mpimaji anajaza bureti nyingine asidi, anapima kabonati kwa MO, na asidi inashuka, inashuka, mililita juu ya mililita. Maji yana bikabonati tele lakini hayana kalsiamu ya kuambatana nayo. Kilichopo ni sodiamu kutoka kwenye miamba ya volkeno. Hapo anaacha kufikiria sabuni. Kalsiamu, pale ilipo nyingi, huigandisha floraidi na kuizuia isipande sana. Mahali isipokuwepo, floraidi huyeyuka bila kizuizi. Shirika la Afya Duniani halina kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, lakini kwa floraidi kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita, na ukanda huo wa Arusha una vyanzo vinavyokivuka mara kadhaa. Meno yenye madoa ya kahawia ya watoto waliokulia huko yanatokana na hilo, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikichuja maji kwa mkaa wa mifupa, ambao kalsiamu na fosfeti zake huinasa floraidi. Hata magadi ya Bonde la Ufa, yale ya kulainishia maharage, mengine hubeba floraidi ndani yake. Kwa hiyo kabla hajaandika kwenye daftari kwamba maji haya ni laini, mpimaji wa Arusha anavuta upande wake kipima floraidi, anakisafisha, na kuitia ncha yake kwenye chupa ileile.